Homa ya Mara ya Pili

"Lau nisingalimtuma yeye, angalikuwa hai?"

Swali hili aliniuliza Mzee Bakari, jirani yetu wa Msambweni, siku tuliyomsomea hitima binti yake Mwanasiti. Aliniuliza mimi kwa sababu nilikuwa mtu wa maabara, na damu ya Mwanasiti ilikuwa imepita mikononi mwangu. Nilimwambia kwamba ajali iko kwa Mwenyezi Mungu, neno ambalo ni kweli na ambalo halikuwa jibu. Sasa nimestaafu, mapema kuliko wenzangu kwa sababu macho yalichoshwa na darubini, na jibu bado sinalo. Ninaloliweza ni kuwaeleza ninyi mnaoingia katika kazi hii jinsi tulivyoifanya sisi, na jinsi nilivyokuja kukifahamu kitu kilichomwua Mwanasiti, ili swali hilo mlijue kabla hamjaulizwa.

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika katika hospitali moja ya pwani hii ya kusini, ambayo sitaitaja, nikiwa na shahada mpya ya sayansi ya maabara na buibui lililopigwa pasi mpaka likang'aa. Mkuu wa Maabara alikuwa Mduruma wa Samburu, ile iliyo kando ya barabara kuu ya Nairobi, mtoto wa wafugaji, mtu mrefu ambaye mgongo wake ulikuwa umeshaota umbo la kuinamia darubini. Nilimwamkia.

"Shikamoo, Mkuu."

"Marahaba. Umesoma?"

"Nimesoma."

"Vizuri. Pale kuna vioo vya kupakia damu. Vioshe."

Niliviosha. Nilipomaliza alikinyanyua kimoja mbele ya dirisha, akakitazama, akanirudishia beseni zima. Baada ya vioo aliniketisha akaniuliza kingamwili ni nini. Nikamsomea kama nilivyofundishwa: ni protini ambazo mwili huzitengeneza ukishambuliwa na kijidudu, na kila aina ya kingamwili hulenga adui mmoja mahususi.

"Hiyo ni ya mtihani," alisema. "Sasa nieleze mimi, mtoto wa ng'ombe. Kingamwili ikishamnasa adui, halafu?"

"Adui anakufa."

"Anauawa na nani?"

Yeye akatabasamu kidogo, na katika miaka yote niliyofanya kazi chini yake hilo lilikuwa tabasamu la nadra.

"Ukija mnadani kwetu utaona kila ng'ombe ana kamba shingoni. Kamba peke yake haimzuii ng'ombe. Atatembea nayo, ataiburuta, ataingia nayo katika shamba la watu ale mahindi. Kamba hupata maana siku mkono unaposhika ncha ya pili. Kingamwili ni kamba. Wewe umefundishwa kamba tu. Mkono uko wapi?"

Mkono, nilijifunza kwake, uko juu ya ngozi ya seli. Tunauita kipokezi. Kingamwili ina umbo la herufi Y: matawi yake mawili ya juu humkamata adui, na mguu wake hubaki ukining'inia nje. Seli za ulinzi, zile kubwa zinazomeza vijidudu, zimejaa vipokezi vinavyoutambua mguu huo. Kipokezi kikishaushika, seli humvuta adui ndani na kumsaga. Viko vipokezi vya namna nyingi. Vingine huamrisha seli ivute na ipigane, vingine huituliza isije ikavunja nyumba kwa kumfukuza panya. Ugonjwa na afya, kwa sehemu kubwa, ni habari ya mikono hiyo: ipi imeshika, kwa nguvu gani, na imeshika kamba ya nani. Wako watu ambao miili yao huvifunga kamba viungo vyao wenyewe, figo au ngozi au maungio, na mikono ikavuta kwa utiifu ule ule. Mkono hauulizi. Huvuta kilichofungwa.

Kutoka hapo nilipelekwa katika zahanati ya Shimoni. Mkubwa wangu huko alikuwa Afisa wa Tiba, mtu mchache wa maneno, na kazi yetu ilikuwa malaria. Nilikuwa nikishangaa kuwaona wanaume wazima wapakuao samaki gatini wakiwa na vimelea vya malaria katika damu huku wanacheka na kubeba matenga, na papo hapo mtoto mwenye vimelea hivyo hivyo analetwa akitetemeka, macho yamegeuka. Afisa wa Tiba alikuwa akisema, "Mkubwa ameshalipia." Alimaanisha kuwa miaka ya kuugua ilikuwa imemjaza mtu mzima kamba za kila sura, na seli zake zilijua kuvuta. Mtoto alikuwa bado hana.

Baadaye nilihamishiwa Ukunda, katika maabara ndogo iliyohudumia wodi ya wazazi. Muuguzi Mkuu alikuwa mama kutoka bara, mwenye sauti ya kuita gari barabarani, na aliniita kwa jina la chumba changu. "Lab! Hii damu ya mtoto iko sawa ama haiko sawa?" Huko ndiko nilikojifunza juu ya kipokezi chema kuliko vyote, kile kilichoko katika kondo la nyuma, ambacho hushika kingamwili za mama na kuzivusha mpaka kwa mtoto kabla hajazaliwa. Mtoto huja duniani na kamba za kuazima. Hudumu kwa miezi kadhaa, kisha huisha. Nilipendezwa sana na jambo hilo, na nikadhani nimekwisha kuielewa kazi ya vipokezi: kwamba ni walinzi, na ubaya wao ni ajali. Nilirudi kwa Mkuu wa Maabara nikiwa na mawazo hayo.

Mwaka huo masika yalinyesha vibaya. Kwetu maji ya bomba huja yakitaka, kwa hiyo kila ua una mapipa, na kila pipa lilijaa. Ikaingia homa ya dengi, ambayo wazee waliita kidingapopo: kichwa, mifupa, macho kuuma kwa nyuma, vipele. Huletwa na mbu mweusi mwenye madoa meupe miguuni, na mbu huyu huuma mchana, akiinyonya kwa mgonjwa na kumpelekea mzima.

Hapa sina budi kueleza desturi yetu moja. Kwetu, nyumba ikiingiwa na ugonjwa, anayetafutwa kumwuguza mgonjwa ni yule aliyekwisha kuugua ugonjwa huo. Husema, "Yeye ameshapita." Bibi yangu aliitwa nyumba nyingi wakati wa surua kwa sababu alikuwa ameshapita, na hakuwahi kuugua tena. Desturi hiyo si ya ujinga. Kwa surua na kwa tetekuwanga, waliokuwa wakichaguliwa hivyo walichaguliwa sawasawa, na watoto wengi waliokoka kwa kuwekwa mbali.

Wa kwanza kuugua nyumbani kwa Mzee Bakari alikuwa mke wa mwanawe Hamisi. Mzee, kama mkubwa wa nyumba, akatuma aitwe Mwanasiti, aliyekuwa akifanya kazi ya kufua mashuka katika hoteli moja ya Diani. Mwanasiti alikuwa ameugua dengi miaka ya nyuma. Alikuwa ameshapita. Akaja pamoja na binti yake mdogo, Saumu, akamwuguza wifi yake, akampikia uji, akamkanda, akalala chumba kimoja naye. Wifi akapona. Mwanasiti akalala.

Nilimtoa damu mwenyewe. Alikuwa mcheshi hata kwa homa. "Wewe daktari wa mikojo," aliniambia, "leo umepandishwa cheo mpaka kwenye damu?" Kipimo chetu kilikuwa na mistari miwili: mmoja wa kingamwili za mwanzo, ambazo mwili huzitoa ukikutana na adui mgeni, na mwingine wa kingamwili za kumbukumbu. Mstari wa kumbukumbu ulitokea mapema, mweusi kama wino. Nikampelekea Mkuu. Akavua miwani.

"Huyu ni wa mara ya pili," alisema, na akainuka mwenyewe kwenda kumtafuta Daktari wa zamu.

Aliporudi ndipo aliponieleza, na sikuwahi kumwona akieleza jambo kwa huzuni kiasi hicho. Dengi ina ndugu wanne wanaofanana. Ukiugua mmoja, huyo hakurudii. Lakini akija ndugu yake, kamba za zamani humfikia shingoni zikamkaa ovyo. Zinamgusa, hazimfungi. Na mkono, yaani kipokezi, hauna macho ya kuona kama kamba imekaza. Unaona kamba, unavuta.

"Na dengi huishi wapi?" aliniuliza.

Nikajua jibu kabla sijalitamka. Dengi huzaana ndani ya seli zile zile zinazomeza vijidudu.

"Basi wamemvuta ng'ombe machinjioni," alisema Mkuu, "na machinjio ndiyo malisho yake."

Seli zilizoingiliwa hivyo hupiga kelele za kemikali mwili mzima. Mishipa hulegea na kuanza kuvuja. Maji ya damu hutoka, na damu inayobaki huwa nzito. Vile visahani vidogo vinavyogandisha damu hupungua. Jambo ambalo watu hawaliamini ni kwamba hayo yote huanza saa ambayo homa inashuka. Nisiwadanganye: wengi huugua mara ya pili na kupona. Hakuna anayeweza kuitazama damu ya mtu na kuapa kwamba huyu atavuja na yule hatavuja.

Daktari alimlaza Mwanasiti na kumtundikia maji. Siku chache baadaye homa ilishuka. Mzee Bakari na Hamisi wakaja na gari la kukodi.

"Mzee," Daktari alisema, "mngoje. Homa ikishuka ndipo sisi tunapoogopa."

"Daktari, mwanangu," Mzee alimjibu kwa upole, "mimi nimewauguza watu kabla hujazaliwa. Homa ikishuka, mtu hurudi kwao akanywa mchuzi."

"Kwa leo tu, Mzee. Nakuomba."

Mwanasiti mwenyewe alikuwa ameketi kitandani amejifunga leso, anataka kwenda. Aliponiona aliniambia nimrudishie damu yake niliyoikopa. Walikwenda. Usiku tumbo likamshika na mikono ikawa baridi, na alfajiri walimrudisha. Damu yake ilipoletwa kwangu ilikuwa nzito, haitaki kupanda katika kijibomba. Alifariki kabla ya adhuhuri. Saumu naye aliugua baada ya msiba, kwa mara yake ya kwanza, akapona vizuri.

Ndipo Mzee aliponiuliza, na ndipo mimi nilipomjibu kwa ajali. Nilimwendea Mkuu nikamwuliza kama katika mabaraza ya afya tuwaambie watu habari ya mara ya pili.

"Ukiwaambia kwamba kinga yao inaweza kuwageuka," alisema, "kesho mama mmoja atakataa mtoto asichanjwe surua. Zungumza mbu. Zungumza mapipa. Kamba tuiache humu ndani."

Hilo ndilo tulilolifuata, na sidhani kwamba alikosea. Nilimrithi kiti alipostaafu, na nikazungumza mbu na mapipa mpaka vijana wa Ukunda wakanipa jina la Mama Mapipa. Watu walifunika mapipa yao kwa wiki mbili tatu kila masika, kisha vifuniko vikageuzwa meza za kukatia mboga. Nilizika wengine. Kustaafu, kwa mtu wa maabara, ni kuondoka mahali ambapo kila mtu alikuwa tyubu yenye jina na kurudi mahali ambapo kila mtu ana uso. Nimewaona sokoni watu ambao niliijua damu yao vizuri kuliko wanavyoijua wenyewe. Nikifikiri sasa, kilichonisumbua si kwamba mwili hukosea. Kinachonisumbua ni kwamba katika ugonjwa huu mwili haukosei. Kila seli hufanya kazi iliyofundishwa, kwa uaminifu, kama Mzee Bakari alivyoifanya yake.

Masika ya mwaka huu dengi imerudi. Jana alasiri nilisikia kwamba Mzee Bakari mwenyewe ameshikwa, na kwamba hospitali imempima, ikamruhusu awe nyumbani na kurudi kila siku kuangaliwa. Nikaenda kumjulia hali. Mlangoni nilipokewa na Saumu, msichana mzima sasa, mwanafunzi wa chuo cha ualimu, ameshika bakuli la maji na kitambaa. Mikono yake ilikuwa wazi mpaka begani, na mbu alikuwa ametua juu ya kiwiko. Nilimpiga huyo mbu kabla sijamwitikia shikamoo yake.

Hamisi alikuwa uani. "Karibu, Mama Mapipa. Umekuja kutukagua?"

"Nimekuja kumwona Baba. Nani anamwuguza?"

"Si Saumu? Tumemwita kutoka chuoni. Yeye ameshapita."

Maneno yale yale, kwa sauti ile ile ya mtu aliyepanga mambo vizuri. Nikamwambia kwamba ingekuwa heri akae mtu mwingine. Akaniuliza kwa nini. Dirisha la chumba cha Mzee lilikuwa wazi nyuma ya bega lake, na nilisikia kitanda kikilia Mzee alipojigeuza kutusikiliza.

"Nitakuja asubuhi tuzungumze," nilisema.

"Zungumza sasa, Bi Mwanamisi. Au dawa yako mpaka ilale?"

Nilirudi nyumbani. Sina haja ya kuwapamba: nilikuwa nimekwama. Nikisema sababu ya kumwondoa Saumu, Mzee angesikia jibu la swali lake la zamani, au angesikia kitu kinachofanana nalo kiasi cha kumtosha. Mzee aliye mgonjwa, wa umri ule, na nimpelekee hilo kitandani. Nisiposema, hakuna atakayekubali kumtoa aliyepita na kumweka asiyepita, kwa kuwa kwa akili zao huko ni kumtupa mtu motoni. Mimi mwenyewe sijawahi kuugua dengi. Nilijipima mara nyingi nilipokuwa kazini, nikifundisha wengine kipimo, na mistari yangu ilikuwa mitupu siku zote. Baada ya sala ya magharibi nilikata shauri. Nikatoa chandarua changu kabatini, nikakikung'uta, nikakiweka karibu na mlango.

Leo asubuhi nilifika kabla hawajala. Nilimwambia Hamisi kwamba nitamwuguza Baba mimi, na kwamba Saumu atakaa kwangu, ambako mapipa yamefunikwa, mpaka homa iondoke mtaani. Nikaingia chumbani nikaanza kufunga kamba za chandarua ukutani.

"Mchana?" Hamisi alisema kutoka mlangoni. "Watu wakipita dirishani wakamwona Baba amefunikwa hivyo jua limetoka, watasema ametangulia. Watakuja na majamvi."

"Waje nayo. Mbu huyu huuma mchana."

"Na wewe uliwahi kuugua?"

"Sijawahi."

"Sasa ndiyo nini? Asiyejua ugonjwa ndiye auguze, na aliyepita afukuzwe?"

Niliiacha kamba, nikamgeukia. Nilisema kwa sauti ya kawaida, nikijua masikio ya nani yalikuwa karibu yangu. Nilisema kwamba dengi si surua. Kwamba aliyeiugua mara moja, mbu akimletea ndugu yake, kinga ya zamani huweza kumfungulia mlango badala ya kuufunga. Kwamba surua na chanjo yake zina njia nyingine na zibaki kama zilivyo. Kwamba katika nyumba hii mtu wa kuwekwa mbali zaidi na mbu ni Saumu.

Aliyesema alikuwa Mzee.

"Mwanamisi."

"Labeka, Baba."

"Hilo ulilijua siku ile niliyokuuliza?"

"Nililijua."

Alipumua. Macho yake yalikuwa mekundu kwa homa na yametulia kabisa. "Basi ni mimi niliyemtuma."

"Ulimtuma kuuguza, Baba. Mbu yule angeweza kumfuata Diani. Wako waliobaki Diani wakafa, na wako waliouguza wakapona. Ningekuwa na jibu ningekupa leo. Sinalo."

Mzee akainua mkono kutoka juu ya shuka.

"Hamisi, mchukue mtoto umpeleke kwa Mwanamisi. Sasa hivi, asimalize hata chai."

Tulisikia Saumu akiuliza jambo uani na Hamisi akimjibu kwa upole ambao si kawaida yake, kisha lango. Mzee akayageuza macho yake kunitazama, akangoja nimweleze yote. Nikashusha chandarua, nikauchomeka upindo wake chini ya godoro pande zote nne, nikavuta kiti.